Viungo vya Kizimbani na Viungo vya Mtandao

Neno "kiungo" katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja: ni sehemu ya mwili, ni kile kinachotiwa chunguni ili mchuzi unukie, na katika miaka ya karibuni ni yale maandishi ya kubonyeza ambayo humtoa msomaji katika ukurasa mmoja wa intaneti na kumpeleka katika mwingine. Wenye mashamba, maduka na vikundi vya viungo vya Kizimbani, kisiwani Unguja, wanaijua maana ya pili kwa vizazi, ilhali ya tatu wengi wao wamemwachia kijana mwenye simu nzuri aishughulikie anavyojua. Makala haya yanaihusu maana hiyo ya tatu, na hoja yake ni kwamba mfanyabiashara mdogo hahitaji kuwa mwanaprogramu ili ukurasa wake wa Facebook au Instagram umletee wateja, lakini anahitaji kuujua msimbo kiasi cha kuitengeneza na kuilinda njia anayopita mteja tangu anapoiona picha mpaka anapoagiza.

Kizimbani iko nje ya Mji wa Zanzibar, upande wa kaskazini mashariki, na wanahistoria huitaja pamoja na Mtoni kuwa miongoni mwa mahali mikarafuu ilipopandwa mwanzo Unguja mapema katika karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya kisiwa hicho na enzi ya zao hilo ikahamia Pemba, lakini Kizimbani ilibaki na utafiti wa kilimo, ikapata mafunzo ya kilimo ambayo leo yako chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na ikawa mahali pa kuwatembeza wageni wanaotaka kuuona mdalasini ukibanduliwa kutoka mtini. Mgeni huyo hufika asubuhi kutoka Mji Mkongwe, hunusa, huonja, hununua pakiti mbili tatu na kurudi hotelini. Baada ya mwezi yuko kwao, pakiti zimekwisha, na hajui amwandikie nani. Kurasa za biashara hufunguliwa ili kuliziba pengo hilo, na nyingi hazilizibi, kwa sababu huonesha picha na kuishia hapo.

Msimbo, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni maagizo yaliyoandikwa kwa mpangilio maalumu ili kompyuta, simu au kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, iyatekeleze bila ya kukisia. Wapo wanaodhani kwamba wakishajifunza msimbo wataweza kuubadilisha ukurasa wao wa Facebook rangi na umbo, na dhana hiyo iliwahi kuwa na ukweli. MySpace, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliwaruhusu watumiaji wake kubandika misimbo ya kupambia kurasa zao, na matokeo yake mara nyingi yalikuwa kurasa za kuumiza macho. Facebook nayo ilikuwa na lugha yake ya alama iliyoitwa FBML, ambayo wenye biashara waliitumia kujengea sehemu za kurasa zao kabla ya kuondolewa mwaka 2012. Leo mwenye ukurasa ni mpangaji wa chumba: anaweza kutundika picha na kubadilisha pazia, lakini hana ruhusa ya kubomoa ukuta. Msimbo wake hufanya kazi mlangoni na barazani, yaani katika viungo vinavyotoka kwenye ukurasa, katika ukurasa mdogo anaoumiliki mwenyewe nje ya mitandao hiyo, na katika daftari la hesabu.

Pa kuanzia ni mlangoni. Wauzaji wengi wadogo humalizana na mteja kwa WhatsApp, na WhatsApp ina anwani fupi rasmi, wa.me, ambayo ikifuatiwa na namba ya simu humfungulia mteja mazungumzo na muuzaji bila ya kulazimika kuihifadhi namba hiyo kwanza. Namba huandikwa kwa utambulisho wa nchi, ambao kwa Tanzania ni 255, bila ya alama ya kujumlisha, bila ya nafasi, na bila ya ile sifuri ya mwanzo; kwa hiyo namba inayoanza na 07 kwenye kibao cha duka huanza na 2557 ndani ya kiungo. Kosa la kuibakiza sifuri baada ya 255 ni dogo kwa macho, lakini hukifanya kiungo kizima kisifike popote, na mteja aliyeko Milan au Muscat hatajisumbua kutafuta ni wapi mambo yameharibika.

Baada ya namba huweza kuongezwa alama ya kuuliza, neno "text", alama ya sawasawa, kisha maneno ambayo mteja atayakuta yamekwisha kuandikwa katika kisanduku chake cha ujumbe, kama katika mfano huu:

https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20mdalasini%20gramu%20100

Alama ya asilimia iliyofuatwa na 20 inasimama mahali pa nafasi kati ya neno na neno, kwa kuwa anwani ya intaneti haikubali nafasi tupu, na 20 ndiyo namba ya nafasi katika orodha ya herufi za kompyuta inapohesabiwa kwa mfumo wa kumi na sita. Mfanyabiashara aliyelielewa jambo hili moja ameshaandika msimbo, maana ndani ya mstari huo mfupi mna anwani, mna kigezo kinachopokea thamani, na mna kanuni ya kuwakilisha herufi, mambo ambayo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa kwa majina mazito zaidi.

Faida ya kiungo hicho haiishii katika wepesi wa kuagiza. Muuzaji anaweza kutengeneza viungo vitatu vinavyokwenda kwenye namba ileile, vikatofautiana kwa herufi mbili tu mwishoni mwa ujumbe: kile kilichowekwa kwenye wasifu wa Instagram kimalizike kwa IG, cha Facebook kimalizike kwa FB, na kile kinachochapwa juu ya pakiti za mdalasini na hiliki kimalizike kwa PK. Kuanzia hapo kila ujumbe unaoingia huja na asili yake, na muuzaji hujua mteja ametokea wapi bila ya kumuuliza, ingawa mteja mmojammoja atazifuta herufi hizo asijue kazi yake. Wataalamu wa matangazo hufanya jambo hilohilo kwa vigezo vinavyoanza na herufi utm, kifupi chenye asili katika jina la Urchin, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2005, na vigezo hivyo husomwa na programu kubwa za takwimu. Kwa kikundi kinachopokea ujumbe kumi kwa siku, kuzisakinisha programu hizo ni sawa na kununua mizani ya bandarini ili kupimia pilipili manga.

Kiungo cha pakiti hugeuzwa kuwa msimbo wa QR, yaani ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe unaosomwa na kamera ya simu, na hapa pana tahadhari ambayo wengi huipata wakati lebo zimekwisha kuchapwa. Baadhi ya huduma za kutengenezea misimbo hiyo bila ya malipo hazikiweki ndani yake kiungo cha muuzaji, bali huweka anwani yao wenyewe ambayo ndiyo humpeleka mteja kwa muuzaji, na siku huduma inapositishwa au muda wa majaribio unapokwisha, lebo 500 zilizobandikwa huwa mapambo. Njia ya kuthibitisha ni nyepesi: msimbo usomwe kwa simu kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na anwani inayotokea kwenye skrini ianze na wa.me au na jina la ukurasa wa muuzaji mwenyewe.

Herufi za asili zikishaanza kuingia, zinahitaji pa kuhesabiwa, na kazi hiyo ni ya lahajedwali, yaani programu ya safu na mistari kama Excel au Google Sheets, ambayo hutumika hata kwenye simu. Watu hawaiiti kuwa ni kuprogramu, lakini mtu anayeandika kanuni =COUNTIF(B2:B300,"IG") ameiagiza kompyuta ipite katika visanduku 299, ikague kila kimoja, na ihesabu vile tu vinavyotimiza sharti, na huo ndio moyo wa programu yoyote. Safu tano zinatosha: tarehe, herufi za asili, bidhaa, kiasi cha fedha, na neno NDIO au HAPANA la kuonesha kama mteja alinunua. Kanuni ya pili, =COUNTIFS(B2:B300,"IG",E2:E300,"NDIO"), huhesabu wale waliotoka Instagram na wakanunua kweli. Idadi ya wafuasi humfurahisha mwenye ukurasa, lakini inawezekana kabisa kwamba pakiti iliyosafirishwa ndani ya begi la mgeni inaleta wanunuzi wengi kuliko video iliyotazamwa na watu elfu kadhaa, na hakuna atakayelijua hilo mpaka safu hizo mbili zilinganishwe.

Ngazi inayofuata ni ya barazani, yaani ukurasa mdogo unaomilikiwa na biashara yenyewe na ambao kiungo chake huwekwa kwenye wasifu wa mitandao ya kijamii. Ukurasa wa namna hiyo huandikwa kwa HTML, lugha ya alama iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazo lake halijabadilika tangu hapo: maneno ya kawaida huzungushiwa alama zinazokiambia kivinjari hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo. Alama hizo huandikwa ndani ya mabano ya pembe, na kwa ukurasa wa duka la viungo zinahitajika chache mno: h1 kwa jina la biashara, p kwa aya, img kwa picha, na a kwa kiungo. Lugha ya pili, CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, hushughulikia sura peke yake, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, na anayeanza atosheke na mistari kumi ya lugha hiyo.

Yapo mambo manne madogo ambayo wanaoanza huyasahau. La kwanza ni mstari wa kichwani mwa faili unaoitwa viewport, ambao huiagiza simu iupange ukurasa kulingana na upana wa skrini. Bila ya mstari huo maandishi huonekana madogo kama maelezo ya dawa. La pili ni uzito wa picha, na hili ndilo zito kuliko yote kwa maana halisi ya neno: picha moja iliyopigwa kwa simu huweza kufika megabaiti 4, kwa hiyo ukurasa wenye picha 20 humla mteja megabaiti 80 za bando kabla hajaiona bei, ilhali picha hizohizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na uzito hadi takriban kilobaiti 200 kila moja, zote pamoja hazizidi megabaiti 4. La tatu ni sifa ya lang, inayokijulisha kivinjari kwamba maandishi ni ya Kiswahili au ya Kiingereza, ili programu za kusomea kwa sauti na za kufasiria zisibabaike. La nne ni sifa ya alt, ambayo ni maelezo ya picha kwa maneno kwa ajili ya asiyeona na kwa ajili ya mitambo ya utafutaji, na humo mwenye shamba ana nafasi ya kuandika anachokijua kuliko wote: kwamba kungumanga na basibasi hutoka katika tunda moja, la kwanza likiwa kokwa na la pili utando mwekundu unaolizunguka.

Faili likishakamilika hupewa jina index.html na kuwekwa kwenye seva, yaani kompyuta iliyo wazi kwa intaneti saa zote. GitHub Pages, kwa mfano, huhifadhi kurasa za aina hii bila ya malipo, na anayetaka jina la kikoa lenye mwisho wa Tanzania hulisajili kupitia mawakala wa majina ya .tz, kwa ada ya mwaka. Jina hilo ni bora lisajiliwe kwa anwani ya barua pepe ya mwenye biashara, si ya fundi. Ugomvi wa majina ya kikoa unafanana sana na ugomvi wa hati za mashamba.

Panapokutana ukurasa huo na mitandao ya kijamii pana fundi mwingine asiyeonekana. Kiungo kinapobandikwa Facebook au WhatsApp, mara hutokea kadi yenye picha, kichwa na maelezo mafupi, na mara nyingine hutokea anwani kavu isiyovutia mtu, na tofauti hiyo hutokana na alama za Open Graph, ambazo Facebook ilizileta mwaka 2010 na zikaja kutumiwa na wengine. Tatu ndizo za lazima kwa duka: og:title kwa kichwa, og:description kwa maelezo, na og:image kwa picha, ambayo hupendeza ikiwa na pikseli 1,200 kwa 630 na ambayo anwani yake sharti iandikwe kamili tangu https. Mitandao hiyo huihifadhi kadi ya mwanzo, kwa hiyo aliyebadilisha picha na akaiona ya zamani asidhani amekosea. Meta, kampuni inayozimiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ina chombo cha kukagulia viungo ambacho huilazimisha kadi isomwe upya. Kwa mistari hiyo mitatu, kila mteja anayekituma kiungo kwa jamaa yake huwa amesambaza tangazo lililopangwa na muuzaji mwenyewe, na kwa maoni ya makala haya hakuna sehemu nyingine ya msimbo inayolipa kwa haraka zaidi baada ya kile kiungo cha WhatsApp.

JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 ili kurasa ziweze kutenda na si kuonekana tu, inaweza kusubiri. Siku hizi programu za akili mnemba humwandikia mtu ukurasa mzima kwa dakika, na hakuna ubaya kuzitumia, ila asiyeweza kusoma kilichoandikwa hataiona namba ya simu ya mfano iliyoachwa ndani wala bei iliyobuniwa.

Upande wa usalama haufai kupitwa haraka, kwa sababu elimu ndogo ya msimbo ndiyo inayotafutwa na matapeli. Huzuka mara kwa mara maelekezo yanayomtaka mtu afungue sehemu ya wasanidi ndani ya kivinjari na kubandika mistari asiyoielewa ili apate wafuasi au aone nani amemtembelea. Mistari hiyo humkabidhi tapeli akaunti, na Facebook yenyewe imeweka pale onyo kubwa la kumtaka mtu asimame. Kanuni ni kutobandika msimbo usiosomeka kwa anayeubandika. Pamoja na hilo, ukurasa wa biashara uwe na wasimamizi wawili wanaoaminika, kila mmoja kwa akaunti yake na uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuwa kikundi kilichomwachia kijana mmoja neno la siri hupoteza ukurasa siku kijana huyo anapohamia Dar es Salaam. Na lile daftari la lahajedwali lenye majina na namba za wateja si mali ya kugawana: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kumpa muuzaji mwingine orodha ya wateja kunaweza kumtia mtu matatani.

Sababu ya kujisumbua na ukurasa wa pembeni ilionekana dunia nzima tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja kwa takriban saa sita kutokana na hitilafu ya mipangilio ndani ya kampuni yenyewe. Aliyekuwa na kila kitu humo hakuwa na duka siku ile. Aliyekuwa na ukurasa wake, barua pepe na namba ya kupigiwa alibaki na mlango mmoja wazi.

Msimbo hauwezi kuficha upungufu wa bidhaa wala wa maarifa. Ukurasa wa Kizimbani unaoonesha picha ya hiliki iliyochukuliwa kwenye tovuti ya nje umeitupa nafasi yake, kwa kuwa kinachouzwa pale ni ile hakika kwamba mti uko hatua chache kutoka kwenye pakiti. Vilevile mwenye kutaka kutangaza karafuu aulize kwanza Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa sababu ununuzi wa karafuu kavu visiwani uko mikononi mwa shirika hilo, na tangazo lililopambwa vizuri halimwondolei mtu wajibu wa kisheria.

Anayetaka kujifunza ana milango kadhaa. Chuo Kikuu cha Taifa na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyoko Mbweni hufundisha kompyuta, na vijana wao wanaweza kuombwa wakae na kikundi siku chache. Nje ya hapo, freeCodeCamp na kurasa za mafunzo za Mozilla hufundisha HTML na CSS bila ya malipo, ingawa sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kwa Kiingereza na hilo ni kikwazo cha kweli kwa wengi. Katika kikundi, inafaa mmoja ajifunze kuandika na wengine wote wajifunze kukagua. Kwa saa moja ya jioni kila siku, mwezi unatosha kufika kwenye alama za Open Graph, mradi masomo yafanywe juu ya ukurasa halisi wa biashara wala si juu ya mifano ya vitabuni.

Kabla ya yote hayo ipo kazi isiyohitaji darasa, na mwenye ukurasa anaombwa aifanye leo: aazime simu ya mtu ambaye hajawahi kuwasiliana naye kibiashara, aufungue ukurasa wake kama mgeni, akibonyeze kiungo chake mwenyewe, na aangalie kinampeleka wapi.